Namna ya kulisoma soko la meli za mafuta: hesabu siku za meli, usihesabu mapipa

EWURA, mdhibiti wa nishati wa Tanzania, ikitangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya mwezi, au EPRA, mwenzake wa Kenya, ikitoa zake Nairobi tarehe 14, mjadala wote huishia kwenye bei ya pipa. Pipa limepanda, pipa limeshuka, basi. Katikati ya kisima na kituo cha mafuta kuna meli, na meli ina soko lake lenye tabia zake. Mwezi Aprili 2020 mafuta ya Marekani yaliuzwa chini ya sifuri, dola 37.63 hasi kwa pipa, na siku hizo hizo meli kubwa za mafuta zilikuwa zinakodiwa kwa zaidi ya dola 200,000 kwa siku. Mafuta hayana mnunuzi, meli haipatikani. Anayefuatilia pipa peke yake hawezi kulieleza hilo.

Mwongozo huu ni kwa mwandishi wa habari za biashara, mwanafunzi wa chuo cha bahari, mtu wa kampuni ya mafuta anayepokea premiamu (nyongeza juu ya bei ya mafuta yenyewe) asizojua zimetoka wapi, na kwa yeyote mwenye hamu. Utahitaji kikokotoo na subira. Hesabu zenyewe ni za kuzidisha na kugawanya tu.

Hatua ya 1: Jua unazungumzia meli ipi

Hakuna soko moja la meli za mafuta. Kuna masoko kadhaa yanayopakana, na kosa la kwanza ni kuyachanganya.

Mgawanyo mkubwa ni kati ya meli za mafuta ghafi na meli za mafuta yaliyosafishwa. Kwenye ghafi, mkubwa wao ni VLCC, inayobeba mapipa milioni mbili hivi. Inafuata Suezmax, mapipa milioni moja, iliyopewa jina hilo kwa sababu ndiyo kubwa inayoweza kupita Mfereji wa Suez ikiwa imejaa. Kisha Aframax, kati ya mapipa 600,000 na 750,000. Kwenye mafuta yaliyosafishwa, yaani petroli, dizeli na mafuta ya ndege, kuna LR2, LR1 na MR, kutoka kubwa hadi ndogo. MR ndiyo tunayoiona sana huku kwetu ikisubiri zamu nje ya bandari ya Dar es Salaam. Matangi ya meli hizi yamepakwa rangi maalumu ndani ili shehena isichafuke.

Mipaka hii ina maana kubwa. Wahouthi wa Yemen walipoanza kushambulia meli katika Bahari ya Shamu mwishoni mwa 2023, wengi walidhani VLCC ndizo zitakazofaidi. La. VLCC iliyojaa haipiti Suez hata nyakati za amani, kwa hiyo safari zake nyingi hazikubadilika. Waliovuna zaidi ni wenye LR2, waliokuwa wakipeleka dizeli na mafuta ya ndege kutoka Ghuba ya Uajemi (hapa tutaiita Ghuba tu) hadi Ulaya, sasa wakalazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Ila ukuta huo nao una mlango: katikati ya 2024, nauli ya dizeli ilipokuwa tamu mno, baadhi ya wenye VLCC waliosha matangi yao na kuingia kwenye biashara ya mafuta safi. Kuosha matangi ni gharama na ni siku zilizopotea, kwa hiyo ukiona hilo linafanyika, ujue nauli imefika mahali pa ajabu.

Chagua basi soko moja: aina ya mafuta, ukubwa wa meli, njia. Soko la Baltiki la London, Baltic Exchange, huchapisha nauli kwa namba za njia. TD3C ni VLCC ya tani 270,000 kutoka Ghuba hadi China. Na iko moja yetu kabisa: TC17, tani 35,000 za mafuta yaliyosafishwa kutoka Jubail, Saudi Arabia, hadi Dar es Salaam. Ukiwa Afrika Mashariki, anza na hiyo.

Hatua ya 2: Geuza mapipa kuwa siku za meli

Hapa ndipo kiini cha kazi kilipo, kwa hiyo tukae kidogo.

Mahitaji ya meli hayapimwi kwa mafuta yanayouzwa. Yanapimwa kwa mafuta yanayouzwa mara umbali yanaosafirishwa. Watu wa soko husema tani-maili. Mimi napendelea siku za meli, kwa sababu zinakupa idadi ya meli moja kwa moja.

Chukua China inayonunua mapipa milioni moja kwa siku kutoka Ghuba. VLCC hubeba milioni mbili, kwa hiyo meli moja inapakia kila baada ya siku mbili. Kutoka Ras Tanura hadi Ningbo ni karibu maili 6,000 za baharini. Meli ikienda maili 12.5 kwa saa, inakata maili 300 kwa siku, sawa na siku 20. Kurudi tupu, siku 20 nyingine. Weka siku sita za kupakia, kushusha na kusubiri. Jumla siku 46. Gawanya kwa mbili: biashara hiyo inahitaji meli 23, zikizunguka mwaka mzima bila kupumzika.

Sasa China hiyo hiyo iamue kununua mapipa milioni moja hayo hayo kutoka pwani ya Ghuba ya Mexico, Marekani. Kwa kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema ni karibu maili 15,000. Siku 50 kwenda, 50 kurudi, sita za bandari: 106. Gawanya kwa mbili: meli 53. Hakuna hata pipa moja lililoongezeka duniani, lakini meli 30 zimehitajika ghafla.

Ukiielewa hesabu hiyo, nusu ya historia ya soko hili inajieleza yenyewe. Mfereji wa Suez ulifungwa Juni 1967 kwa vita na haukufunguliwa mpaka Juni 1975. Ulaya iliendelea kunywa mafuta yale yale ya Ghuba, ila njia ilirefuka, nauli zikaruka, na wajenzi wakaanza kuunda meli kubwa kupita kiasi maana mfereji haukuwa tena kizuizi. Mwaka 2022 Urusi ilipoivamia Ukraine, Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku mafuta ghafi ya Urusi yanayokuja kwa bahari kuanzia tarehe 5 Desemba, na yaliyosafishwa kuanzia 5 Februari 2023. Shehena iliyokuwa ikitoka Primorsk, Urusi, hadi Rotterdam, Uholanzi, kwa siku tano hivi ikaanza kwenda India kwa siku 25 hivi. Ulaya nayo ikatafuta mafuta mbali: Marekani, Ghuba, Afrika Magharibi. Vikwazo vilikusudiwa kuibana Urusi. Wenye meli wakapata neema wasiyoiomba.

Kwa hiyo ukisoma habari yoyote ya mafuta, jiulize kwanza: safari imerefuka au imefupika? OPEC, umoja wa nchi zinazouza mafuta, na washirika wake wakipunguza uzalishaji, mapipa ya karibu na Asia yanapungua, na wanunuzi wa Asia wanaweza kuyafidia kwa mapipa ya mbali kutoka Brazili au Marekani. Shehena zinapungua, maili zinaongezeka. Mara nyingine viwili hivyo hulingana, mara nyingine kimoja kinashinda. Piga hesabu, usibahatishe.

Hatua ya 3: Tafuta meli zilizopo kweli

Duniani kuna VLCC karibu 900. Ukiishia kwenye namba hiyo umepotea.

Ziko zilizo kwenye chelezo kwa matengenezo. Ziko zilizogeuzwa ghala. Ziko zinazobeba mafuta ya Iran, Venezuela na Urusi nje ya bima na benki za kawaida, kundi linaloitwa meli za kivuli. Nyingi ni nzee, na mwenye mzigo wa kawaida hawezi kuzigusa. Kwenye orodha zote zinahesabika. Kwenye soko lako hazipo.

Halafu foleni. Wakazi wa Dar wanaelewa hili bila kufundishwa: asubuhi ya mvua daladala ni zile zile za jana, lakini kituoni hakuna gari, kwa sababu zote zimekwama barabarani. Meli kumi zikisubiri kushusha kwa wiki mbili mbele ya bandari ya China, ni kama zimetolewa sokoni kwa wiki mbili.

Na mwendo. Meli ikiongeza kasi kutoka maili 12 kwa saa hadi 13, inafanya kazi kwa asilimia 8 zaidi. Lakini mafuta inayochoma kwa siku hukua takriban kwa kipeo cha tatu cha mwendo, yaani asilimia 27 zaidi. Ndiyo maana nauli ikiwa ndogo meli hutambaa, na nauli ikipanda manahodha huambiwa wakaze. Kasi ndiyo akiba pekee ambayo soko linaweza kuitoa wiki hii hii. Meli mpya huchukua miaka miwili, mitatu au zaidi.

Kwa kazi ya kila wiki, madalali wa meli hawahesabu dunia nzima. Wanachukua orodha ya VLCC zinazoweza kufika Ghuba ndani ya siku 30 zijazo, wanaweka pembeni mizigo inayotarajiwa kupakiwa siku hizo, kisha wanalinganisha. Fanya hivyo hivyo. Taarifa za madalali za kila wiki, ambazo kampuni nyingi huzitoa bure, zina namba hizo au zinazokaribia.

Hatua ya 4: Elewa kwa nini nauli hairuki kidogo

Kwenye soko la nyanya, nyanya zikipungua kwa asilimia tatu, bei hupanda kidogo na watu wengine wananunua kitunguu. Kwenye meli za mafuta, upungufu wa asilimia tatu unaweza kuzidisha nauli mara tatu. Sababu ni mbili.

Ya kwanza: meli haziongezeki haraka. Zikiwa nyingi kuliko mizigo, wenye meli hushindana kushusha bei hadi inapobaki nauli ya kulipia mafuta na bandari tu. Zikiwa zote kazini, hakuna nyingine ya kuitwa. Ya pili: mwenye mzigo hana njia ya kukataa. Kiwanda cha kusafishia mafuta hakiwezi kuzimwa kwa sababu nauli imepanda kwa dola moja kwa pipa. Kati ya wenye mizigo kumi na mmoja na meli kumi, yule wa kumi na moja atalipa chochote, na bei yake inakuwa bei ya wote.

Tarehe 25 Septemba 2019 Marekani iliiwekea vikwazo kampuni ya meli za mafuta ya Dalian, tawi la COSCO ya China. Meli zake zilikuwa asilimia chache tu ya VLCC za dunia. Wakodi wakazikimbia kwa siku moja, na kabla ya katikati ya Oktoba nauli zilizokuwa za kawaida zikazidi dola 200,000 kwa siku. Mwisho wa Januari 2020 vikwazo hivyo viliondolewa, na nauli ilikuwa imeshaporomoka.

Hatua ya 5: Isome Worldscale, kisha ipindue iwe pesa ya siku

Nauli za meli za mafuta hazitajwi kwa dola moja kwa moja. Zinatajwa kwa pointi za Worldscale. Kila Januari huchapishwa kitabu chenye kiwango cha msingi cha dola kwa tani kwa kila safari inayowezekana. WS 100 ni kiwango chenyewe; WS 60 ni asilimia 60 yake.

Tuchukue mfano wa namba nilizozipanga ili hesabu iwe nyepesi. Kiwango cha msingi Ghuba hadi China kiwe dola 20 kwa tani, soko liko WS 60. Nauli ni dola 12 kwa tani, mara tani 270,000: dola 3,240,000. Toa kamisheni ya asilimia 2.5, dola 81,000. Toa gharama za bandari, tuseme 250,000. Toa mafuta ya meli yenyewe, tani 2,200 kwa dola 550: dola 1,210,000. Inabaki 1,699,000. Gawanya kwa siku 46 za mzunguko, siyo 20 za kwenda tu (wengi hukosea hapa). Mwenye meli anapata dola 36,900 kwa siku.

Sasa ipandishe hadi WS 90. Rudia hesabu: dola 71,300 kwa siku. Nauli imeongezeka kwa nusu, pato limekaribia kuwa mara mbili. Ishushe hadi WS 40: dola 14,000 tu. Hapo bado hujalipa mabaharia, bima wala mkopo wa benki. Kwa mwenye mzigo, tofauti kati ya WS 60 na WS 90 ni senti 81 za dola kwa pipa. Anakunja uso, anaendelea. Kwa mwenye meli ni tofauti kati ya kuishi vizuri na kutajirika.

Hatua ya 6: Angalia kama mafuta yanalipa kukaa baharini

Hatua hii huihitaji kila mwezi, ila ukiisahau wakati wake utashangaa kama wengi walivyoshangaa 2020.

Kukodi VLCC kwa dola 100,000 kwa siku, siku 180, ni dola milioni 18. Gawanya kwa mapipa milioni mbili: dola 9 kwa pipa. Ikiwa bei ya mafuta ya kupokelewa miezi sita mbele inazidi ya leo kwa zaidi ya dola 9, ukiongeza riba na bima, mfanyabiashara atanunua leo, atajaza meli na kutia nanga. Machi 2020 Saudi Arabia na Urusi zilivunja makubaliano na kumwaga mafuta sokoni wakati korona imefunga viwanja vya ndege. Bei ya leo ikaanguka, ya mbele ikabaki juu, meli zikawa maghala. Wazalishaji walipokubaliana kupunguza mapipa milioni 9.7 kwa siku kuanzia Mei, shehena zikakauka, na kadiri maghala hayo yalivyoshushwa meli zikarudi sokoni. Nusu ya pili ya mwaka huo ilikuwa mbaya kwa wenye meli.

Hatua ya 7: Hesabu meli zinazoundwa na zinazovunjwa

Chukua meli zilizoagizwa kwenye viwanda vya China, Korea Kusini na Japani, uzigawanye kwa meli zilizopo. Asilimia ndogo inaashiria uhaba mbele. Kubwa ni onyo. Upande wa pili angalia umri: meli zikikaribia miaka 20, wenye mizigo wakubwa huzikwepa, na safari ya mwisho huwa kwenye fukwe za kuvunjia meli za Alang (India), Chattogram (Bangladesh) au Gadani (Pakistan). Hata ile kubwa kuliko zote, iliyojulikana zaidi kama Seawise Giant, yenye uwezo wa tani 564,763, ilimalizikia Alang. Siku hizi hesabu ya kuvunja imevurugika kidogo, maana meli nzee hupata mnunuzi kwenye kundi la kivuli.

Ugonjwa wa soko hili ni kwamba wenye meli huagiza nauli ikiwa juu, na meli hufika nauli ikiwa chini. Mfano wa kutisha ni 1973. Mnorwe Hilmar Reksten wa Bergen alikuwa amejipatia utajiri kwa kuacha meli zake bila mikataba mirefu, akisubiri nauli za kuruka kama za 1967. Vita vya Oktoba 1973 vikaleta bei kubwa ya mafuta, mahitaji yakapungua, na meli zilizoagizwa kwa mamia zikawa zinatoka kiwandani kwenda kufungwa nanga kwenye ghuba nyembamba za Norwe. Himaya ya Reksten haikupona. Wimbi la maagizo ya kabla ya 2008 lilifanya vivyo hivyo: kampuni ya meli za mafuta ya General Maritime iliomba ulinzi wa mahakama ya kufilisika mwaka 2011, na mwenzake OSG mwaka 2012.

Hatua ya 8: Lete hesabu nyumbani

Tanzania huagiza kwa pamoja kupitia wakala wa serikali, PBPA, na washindi wa zabuni hutaja premiamu, ambayo ndani yake kuna nauli na bima. Kenya tangu 2023 hununua kwa mkopo wa siku 180 kupitia makubaliano ya serikali na kampuni za Saudi Arabia na Falme za Kiarabu. Mfumo wowote ule, meli ni ya soko lile lile.

Tani 35,000 za dizeli ni lita milioni 41 na kidogo. Nauli ya TC17 ikipanda kwa dola 10 kwa tani, ni dola 350,000 kwa meli. Kwa mfano wa shilingi 2,500 kwa dola, inaangukia shilingi 21 kwa lita. Si ndogo, lakini haiwezi kueleza ongezeko la shilingi 200. Ukiambiwa ni nauli, omba hesabu. Kisha demareji, malipo ya meli kusubiri. Kwa dola 30,000 kwa siku, kila siku ya kusubiri ni karibu shilingi 2 kwa lita. Meli ikikaa siku 20 ikisubiri gati la Kurasini, ni shilingi 36, zaidi ya lile ongezeko la nauli lililosumbua dunia. Sehemu hiyo haitegemei vita vya mtu. Inategemea gati, matangi na mpango wa kushusha.

Na upande wa pili wa meza unakuja. Bomba la EACOP, kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, limesanifiwa kupitisha mapipa 216,000 kwa siku, sawa na Suezmax moja kila siku nne na nusu au tano. Mnunuzi akiwa India, mzunguko wa meli ni siku 21 hivi, na meli tano zinatosha. Akiwa China, mzunguko unapita siku 40, na zinahitajika kama kumi. Tena mafuta ya Uganda yana nta, huganda yakipoa, kwa hiyo meli lazima iwe na mabomba ya kupasha joto matangi. Zile MR zitakazoshusha petroli bandari ya Tanga hazitaweza kugeuza na kuyapakia. Zitaondoka tupu, na meli za ghafi zitakuja tupu kuyafuata.